Ombi la Kuondolewa kwa Makala Yangu Kuhusu Kuku Wanaosalimiwa

Ndugu Mhariri wa Jarida,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kiti chako kikiwa bado chini yako. Mimi ndiye mwandishi wa makala "Athari ya Salamu za Asubuhi kwa Utagaji wa Kuku". Nilikuomba uiondoe jaridani, ukanijibu kwamba haijapata kutokea makala inayosomwa kama hiyo. Hapo ndipo yanapoanzia malalamiko yangu.

1. Makala si ya kweli. Kwa wiki nane niliwasalimia kuku kumi na wawili wa mama mkwe, na kila wiki mayai yakaongezeka. Juzi nimeokota kiotani yai lenye muhuri wa buluu wa dukani. Usomi wangu si mkubwa, lakini najua kuku hapigi muhuri. Kumbe mama mkwe alikuwa akinunua mayai na kuyapenyeza kabla sijafika, ili mkwewe asiaibike mbele ya wasomi wenzake.

2. Wahakiki wako wawili hawakuona kwamba wiki ya nane kila kuku alitaga mayai mawili kwa siku, jogoo akiwemo. Mmoja alilalamikia upana wa pambizo.

3. Jirani yangu sasa anawasalimia kuku wake kabla yangu. Nikipita ananiinulia mkono ningoje, hajamaliza kuwaulizia vifaranga.

4. Mkuu wa idara ameweka zamu ya kuwaamkia kuku wa chuo, na kaagiza tuseme "shikamoo". Nina miaka hamsini na mmoja. Kuku mkubwa pale hajatimiza miwili. Mwenzetu wa falsafa amegoma kuondoka bandani mpaka aitikiwe "marahaba". Leo ni siku ya tatu.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mama mkwe bado anaendelea. Goti lake bovu, lakini kila alfajiri anainama kwenye viota na trei lake, maana amesikia kuna watafiti wanakuja kuhesabu. Nitamwambiaje kwamba nimejua? Siri hii nimempa mke wangu peke yake, na habari ya ule muhuri. Makala ikiondolewa, mama wa watu atapumzika. Andika tu kwamba mwandishi hajui kuhesabu. Wanafunzi wangu watatoa ushahidi bila kulazimishwa.

Wasalimie wahakiki, karani wako na wote wa nyumbani. Kama mnafuga kuku, hao waache.

Wako katika makosa,
Mhadhiri wa Ufugaji

Nyongeza: Mhariri, usiiondoe kwanza. Barua ikiwa bado mezani, mama mkwe alikwenda kutibiwa goti, nikaachiwa kuku wake wiki nzima. Nikawasalimia kwa mazoea tu. Mayai yamepita yote ya nyuma, na mwenye kuyapenyeza yuko hospitali. Nimeyageuza moja moja, sikuona hata muhuri mmoja. Sayansi imeniumbua. Toleo lijalo umtaje mke wangu kwenye shukrani: ndiye aliyekuwa akinitangulia bandani kila alfajiri, eti kufagia. Angekusalimia mwenyewe, ila yuko kwenye karo la kuoshea vyombo anasugua vidole. Kuna buluu imegoma kutoka.