Basi Lililoingia kwa Jina la Wazazi

Nilisikia mashineni, nikisubiri unga wangu, kwamba kuna mama wa shule fulani amelala mahabusu siku mbili kwa sababu ya sahihi. Si wizi, si ugomvi, ni sahihi tu. Alisaini karatasi za umoja wa wazazi, mzigo ukaingia bila kodi kwa jina la watoto, watoto hawakuuona, na mwenye faili la kijani aliyewaandalia karatasi akawa hapatikani. Aliyesimulia hakuwepo, na aliyemwambia naye hakuwepo. Lakini neno lile likaniganda. Nikifua lipo, nikipika lipo. Maana sahihi yangu nami ilishatoka, mara nne, na mbili kati ya hizo ziko juu ya karatasi tupu.

Nayaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na yale tuliyoyajua baadaye watu walipolegeza ndimi.

Umoja wetu wa wazazi ulikuwa na shida moja: paa. Madarasa matatu yalivuja hivi kwamba mvua ikianza, watoto wanasogeza madawati bila kuambiwa. Shirika moja likaahidi mabati, ila likasema halitoi kitu kwa kikundi kisicho na cheti cha msamaha wa kodi. Tulikwenda ofisi ya kodi mara tatu, na kila mara tukarudi na fomu tofauti. Mwisho tukabandika tangazo getini: anayejua njia ya kupata cheti atusaidie.

Bwana Faili akapita. Jina hilo tulimpa sisi, kwa ajili ya faili la kijani alilolibeba kifuani kama mtoto mchanga. Alivaa miwani ambayo vioo vyake vilikuwa vioo vya kawaida, vya kuonekana nadhifu tu. Alisoma tangazo mara mbili, akavua miwani ili asome vizuri, akatabasamu. Wengine walisoma wakaona paa linalovuja. Yeye aliona mlango wa forodha.

Siku hiyo hiyo akaenda kwa Mzee Simenti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mjukuu wake anasoma shuleni kwetu. Mzee Simenti ni tajiri mwenye heshima zake. Mizani yake ya misumari ina sumaku chini ya sahani, na kila anayenunua kilo anaondoka na robo tatu na baraka. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwa kinyozi kwamba anataka basi dogo la biashara, lakini kodi ya kuliingiza inakaribia bei ya basi lenyewe.

"Mzee," akasema Bwana Faili, "basi unanunua wewe, linaingia kwa jina la wazazi. Kodi hakuna. Wiki moja baadaye tunabadilisha kadi, linakuwa lako."

"Na wale akina mama?"

"Akina mama wanataka mabati. Wakipata mabati watatazama juu, hawatatazama barabarani."

"Na wewe unataka nini?"

"Nusu ya kodi utakayookoa, siku kadi ikibadilika. Nusu tu, Mzee. Mimi si mtu wa tamaa."

"Hata mimi," akasema Mzee Simenti, na wakapeana mikono, watu wawili wasio na tamaa.

Kikao cha kwanza alikuja na soksi mpya na maneno laini. "Mama zangu," alituita, na wengine wetu tulikuwa wadogo kwake kwa miaka kumi.

Mwenyekiti wetu ni mshonaji, mwanamke anayepima watu kwa macho kabla ya kuchukua futi. Akamuuliza, "Kazi hii utatutoza kiasi gani?"

"Kwa ajili ya watoto? Mwenyekiti, unanitukana."

Hapo ndipo tulipaswa kuogopa. Badala yake tulimpigia makofi. Mwenyekiti na mimi, katibu, tukasaini fomu mbili, kisha karatasi mbili tupu. "Za akiba," alisema. "Ofisi ikikosea mstari, nisiwasumbue kurudi." Kalamu yake ilikuwa nzuri sana, inateleza yenyewe.

Sasa yalimpata makubwa. Mtu huyu aliwahi kughushi hata cheti chake cha kuzaliwa, akajipunguzia miaka sita. Lakini forodha hawasomi karatasi, wanasoma mashine, yaani kompyuta, na cheti ambacho hakimo ndani ya mashine ni sawa na karatasi ya kufungia maandazi. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, ilimbidi apate cheti cha kweli.

Alihangaika miezi miwili. Alifika foleni alfajiri kabla ya mlinzi. Alimfuata mwalimu mkuu mpaka kwake kwa ajili ya barua moja. Muhtasari wa kikao ukirudishwa kwa kukosa tarehe, anauandika upya wote kwa mwandiko wa kuvutia. Karani wa dirisha namba sita pale ofisi ya kodi alimzoea mpaka akawa anamuuliza habari za nyumbani. Umoja wetu haujawahi kupata mtumishi mwaminifu kama yule tapeli, na nasema hivyo nikiwa katibu mwenyewe.

Ilipobaki hatua ya mwisho, ofisi ikataka ushahidi kwamba katiba imesomwa mbele ya wanachama. Yeye alitaka niandike tu "ilisomwa." Lakini ile habari ya mashineni nilikuwa nayo kifuani tayari. Nikasimama.

"Isomwe."

"Dada katibu, ni kurasa tisa."

"Tuna mchana mzima."

"Watu wana kazi zao!"

Mshonaji akatoa pini mdomoni. "Mimi kazi yangu nimekuja nayo," akasema, akaendelea kukunja pindo. "Soma, Bwana Faili. Una sauti nzuri."

Akasoma. Katiba aliinakili kutoka kwa kikundi kingine bila kuisoma, na alivyokuwa anaendelea, nilimwona anapunguza mwendo. Mali yote ya umoja ni kwa ajili ya wanafunzi. Hakuna mwanachama atakayejinufaisha nayo. Haiuzwi bila wanachama wote kupiga kura. Hapo akakohoa, akaomba maji.

Ikafuata barua ya mfadhili wa basi la shule, ambalo Bwana Faili alituahidi lingekuja na cheti, maana ofisi ilitaka kujua linatoka wapi. Mzee Simenti akaketi mbele, akasikiliza maneno yaliyo juu ya sahihi yake: natoa basi hili kwa hiari yangu, bila sharti lolote, na mimi wala warithi wangu hatutalidai. Makofi yakavuma. Mzee akainamisha kichwa kama mtu anayepigwa picha.

Mimi sikupiga. Mtu mwenye sumaku chini ya mizani anatoa basi zima? Wiki nzima sikupata usingizi, mwisho nikamvuta mshonaji mpaka dirisha namba sita.

Karani alikuwa dada mdogo mwenye sauti ya kuchoka. Akatafuta kwenye mashine. "Cheti chenu kimetoka jana. Ni halali kabisa."

"Tunaogopa basi," nikasema.

"Basi likiuzwa kabla ya miaka mitano, kodi yote inarudi, na faini juu yake. Wanadaiwa waliosaini. Walisaini nani?"

"Ni sisi."

"Basi lilindeni vizuri."

"Na zile karatasi tupu je?"

Akaweka kalamu chini. "Tupu?"

"Mbili," akasema mshonaji, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mama zangu!" akasema karani, na safari hii neno lilikuwa na uchungu ndani yake. "Hizo atazijaza kwamba mmekubali kuuza."

Nikauliza kama tunaweza kufuta cheti. Tunaweza, akasema, leo leo, na hatutadaiwa kitu. Ila mabati tutayakosa, na kikundi kilichofuta hakiombi tena kwa miaka miwili. Nje kulianza manyunyu. Mshonaji akatazama dirishani, nami nikajua anawaza madawati yanayosogezwa. Mtoto wake yuko darasa lile lile na wangu.

"Hatufuti," akasema. "Dada, tufundishe jinsi ya kufunga mlango."

Akatufundisha. Tuandike muhtasari mpya kwamba sahihi zetu hazifai bila mhuri wa umoja, na mwenyekiti awe ameuleta mwenyewe kwa mkono wake. Halafu akatukumbusha jambo moja: gari la msamaha halitoki uwanja wa forodha kabla halijaandikwa jina la kikundi. Siku hiyo hiyo tukachongesha mhuri wa mpira. Mshonaji akautia kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano zake, akafunga na ufunguo.

Siku ya kutoa basi, Bwana Faili alifika na stika mbili zilizoviringishwa, nyembamba kama karatasi ya sigara. Mshonaji alifika na shemeji yake mchora mabango, mwenye makopo matatu ya rangi ya magari.

"Shemeji, usijisumbue," akasema Bwana Faili. "Nina stika hapa, nzuri sana."

"Stika inabanduka," akasema mchoraji.

"Ndiyo uzuri wake!" Kisha akashtukia alichosema. "Yaani, ni rahisi kusafisha."

"Hii yangu haibanduki hata kwa patasi. Weka kucha hapa uone."

"Afande, hebu mwambie, gari jipya halipakwi rangi ovyo."

Ofisa wa forodha hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Jina kwanza. Ufunguo baadaye."

Mchoraji akafanya kazi kwa raha, ulimi nje. Ubavuni, kulia na kushoto: UMOJA WA WAZAZI. MALI YA WANAFUNZI. HALIUZWI. Nyuma, kwa herufi nyekundu: MSAADA WA MZEE SIMENTI. Bwana Faili alisimama akitazama kila herufi inavyozaliwa. Lakini hakulia. Rangi inaweza kupakwa juu ya rangi, na ndani ya faili alikuwa na karatasi zake mbili.

Jumatatu akaenda nazo dirisha namba sita, na Mzee Simenti nyuma yake. Karani alizisoma mpaka chini.

"Mhuri wa umoja?"

"Nitauleta kesho."

"Ataleta mwenyekiti mwenyewe. Imeandikwa hapa, tangu mwezi uliopita."

Wakakaa kwenye benchi. Mlinzi ndiye aliyetusimulia.

"Uliniambia wiki moja," akasema Mzee Simenti.

"Ni mambo ya karatasi tu, Mzee."

"Karatasi zote umezitengeneza wewe!"

"Ndiyo shida yenyewe," akasema Bwana Faili, na mlinzi anaapa machozi yalimlenga. "Safari hii ni za kweli."

Akasema anakwenda kutoa kopi. Hakurudi. Miezi miwili ya foleni, hakupata hata nauli. Faili la kijani likabaki kwenye benchi, na karani akatuita. Ndani mlikuwa na karatasi zetu mbili, na nyuma yake karatasi za shule nyingine, pamoja na jaribio la sahihi ya mwanamke, limerudiwa mara ishirini na moja mpaka likafanana. Tulimtafuta mwenye sahihi hiyo. Kumbe yule mama niliyemsikia mashineni yupo kweli, na kumbe alikuwa bado anaripoti kituoni kila wiki. Alipoziona zile sahihi ishirini na moja alikaa sakafuni, na hakuna aliyemwambia ainuke. Wiki mbili baadaye waliifuta kesi yake.

Mzee Simenti hawezi kushtaki. Ataanza kusema nini? Siku ya kuzindua mabati alikaa kiti cha mbele, akapewa cheti cha shukrani chenye fremu. Kila asubuhi basi linapita mbele ya duka lake wakati anapima misumari, na dereva, kwa adabu, anapiga honi. Mjukuu wake anampungia mkono dirishani.

Watu wakisimulia wanacheka. Mimi nacheka nusu. Kama siku ile ningeukuta unga wangu tayari, nikaondoka mapema mashineni, leo mngekuwa mnanisimulia mimi. Kwa hiyo andikeni haya mahali:

Usisaini karatasi tupu, hata kalamu iwe nzuri namna gani.

Usiandike "ilisomwa" kama haikusomwa.

Usipige makofi kabla hujauliza kwa nini fundi wa mambo ya ofisi hataki malipo.

Usipokee zawadi kwa jina la kikundi kabla ya kuuliza dirishani: ikiuzwa, atadaiwa nani?

Usiache mhuri ulale kwenye faili la mtu.

Usikubali stika.

Usinyamaze kwa aibu kwamba uliishia shule ya msingi. Yule karani hakuniuliza nilisoma mpaka wapi. Aliniuliza nilisaini wapi.