Nyumba Isiyofikwa na Maji

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tano

Papa Léopold kapiga simu kutoka Bukavu. Hakusalimia. Mwenye nyumba asiyesalimia, jua kuna jambo. Kasema nyumba yake ya hapa Kavimvira imekaa miezi minne bila mpangaji, na Jumapili ikifika bado tupu, nimkabidhi Toussaint ufunguo baada ya misa. Toussaint! Komisionere wa juzi, dalali wa nyumba anayebeba kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika!

Ufunguo huo ndio wa mwisho nilio nao. Zamani nilikuwa na funguo kumi na moja. Nikitembea zinalia, watu wananiita Président. Ziwa likapanda, nyumba za chini zikaingiliwa, wapangaji wakakimbia, funguo zikarudi kwa wenyewe moja moja. Komisionere bila ufunguo ni mtu anayetembea tu kwenye jua.

Na nyumba yenyewe ni nzuri. Ina ubaya mmoja: ziwa liko uani. Si lote. Kidogo.

Jumanne, tarehe 7

Nimenunua chokaa. Maji yaliacha mstari wa kahawia ukutani, unafika magotini. Nimepaka mpaka kiunoni, kwa usalama. Sasa nyumba ni kama mtu aliyevaa suruali nyeupe.

Mke wangu Ernestine alipita na beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwani. Akasimama akaniuliza kwa nini nisiwaambie watu ukweli, kwani nani katika Uvira hajui kwamba ziwa limepanda? Nikamjibu kwamba minye sijawahi kumufundisha namna ya kuuza ndagala. Akaenda zake anacheka.

Dimbwi la uani nimelifunika kwa matoroli ishirini ya mchanga. Mgongo wangu! Halafu mabata wa jirani, waliozoea kuogelea pale. Nikawafukuza kwa ufagio. Wakarudi. Nikawafukuza. Wakarudi. Yuko mmoja ana jeuri ya Toussaint kabisa.

Alhamisi, tarehe 9

Kupaa kwa Bwana. Wenzangu wako kanisani, mimi niko na mteja! Mama Victoire, mkulima wa mpunga kutoka Bwegera. Mnene, maneno machache, buti za mvua miguuni. Jua kali, na buti za mvua! Sikuuliza. Macho yangu yalikuwa kwa lile bata, lililokuwa limepanda juu ya ukuta linatutazama.

Akauliza kama maji yanafika hapa. Nikaapa kwamba hayajafika tangu dunia iumbwe. Akapiga kisigino chini, akasikiliza. Akauliza tena, hata mvua kubwa ikinyesha? Nikaapa, hata wakati wa Nuhu. Akachomeka fimbo kwenye mchanga wangu. Ikatoka kavu! Matoroli ishirini si mchezo. Akauliza mara ya tatu. Nikaapa kwa marehemu mama yangu.

Akatikisa kichwa polepole, akasema aksanti, akapanda pikipiki akaenda.

Amependa. Mtu akipenda hupunguza maneno. Nimemwambia Ernestine Jumapili apike wali na nyama.

Jumamosi, tarehe 11

Ole wangu! Mama Victoire kachukua nyumba tupu ya upande wa pili. Kwa mkono wa Toussaint! Nyumba ambayo ndagala wanaweza kuingia sebuleni bila kubisha hodi!

Nilimkuta anashusha vikapu vya mabata. Mabata! Nikamwambia mama, umedanganywa, ile nyumba ina maji. Akasema anajua, Toussaint alimwambia kabla hata hajashuka kwenye pikipiki. Yeye atalala kwa dada yake, kule juu. Nyumba ni ya mabata, na uani atapanda kitalu cha mpunga. Wiki nzima alikuwa anatafuta parseli, kiwanja chenye maji.

Akaongeza kwamba yangu ndiyo ilimpendeza zaidi, ina ukuta mzima. Lakini weye komisionere uliniapia mara tatu kama iko kavu, akasema. Sasa minye nibishane na marehemu mama yako?

Petro alikana mara tatu, jogoo akawika. Mimi niliapa mara tatu, na mabata thelathini wakapita mbele yangu wanapiga kelele.

Jumapili, tarehe 12

Toussaint alinisubiri mlangoni mwa kanisa na kalamu zake tatu. Nikampa ufunguo. Akasema aksanti vieux. Vieux! Mimi mzee! Tumepishana miaka sita tu!

Nimetembea mpaka nyumbani na mfuko hausemi kitu. Iliniuma, nisijidanganye. Nililia kidogo nyuma ya choo cha parokia. Wali ulikuwa tayari. Ernestine safari hii hakucheka, akaniwekea nyama nyingi, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Jumatano, tarehe 15

Mungu halali! Shangazi Marie-Rose kanipa ufunguo wa nyumba yake ya mlimani. Ufunguo mmoja, lakini nimeufunga pamoja na msumari ili ulie. Nyumba ni kavu kabisa, ziwa unaliona kwa mbali tu. Na mteja ninaye tayari! Kesho asubuhi anakuja mwalimu mmoja wa Kalundu. Maji yamemtoa kwake, analala darasani na mke na watoto watano.

Safari hii sibahatishi. Nimekaa, nimetafakari, kosa langu nimeliona. Ernestine anasema kosa ni kuapa uongo. Hapana! Kosa lilikuwa kuficha maji. Mteja wa siku hizi anataka maji, nimejionea kwa macho yangu.

Tangu asubuhi napandisha bidoni za maji mlimani. Kumi na mbili nimeshamwaga sebuleni, tano uani, chokaa ya ukutani nimeikwangua, na Mama Victoire ameniazima mabata wawili. Mwalimu akiuliza kama maji yanafika, nitamwapia kwa marehemu mama yangu: kila siku.