Mayai ya Kuficha Kahawa

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu, mkuu wa maabara yetu, katangaza kikaoni kwamba anahitaji plazma, yale maji ya manjano ya damu. Mtoaji awe hagusi kahawa wala tumbaku. Nikanyoosha mkono! Kisa? Shemeji yangu, mtunza stoo, alikuwa anaanza kunyoosha wake. Anishinde mbele ya dada yake? Thubutu! Niliposhusha mkono ndipo nikakumbuka. Kahawa niliapa kuiacha tangu moyo uliponienda mbio nikalazwa. Ipo. Kwenye chupa, nyuma ya jenereta ninayoihudumia.

Jumanne, 4 Juni
Nimemdadisi mama watoto juu juu, kama mpenda elimu. Akafurahi, maskini! Dawa ya gome la mti anayoipima ni alkaloidi, ndugu wa kile kinachotuamsha kwenye kahawa. Ikiingia kwenye damu, sehemu yake hukalia protini kama wageni kwenye viti. Walioketi hawasumbui mtu. Wanaozurura ndio wanaofika moyoni.
Lo! Basi tuongeze viti, kahawa yote iketi isionekane! Viti ni protini, protini ni mayai. Na akili zote hizi nimezimalizia kukaza nati.

Jumatano, 5 Juni
Mayai asubuhi, mchana, jioni. Ya kuchemsha. Shemeji kaniuliza kama naatamia au bado nataga. Nimempuuza. Kahawa nimeinywa kwa amani, kila funda na kiti chake.

Alhamisi, 6 Juni
Nimetolewa damu. Nilitabasamu mpaka muuguzi akaingiwa na wasiwasi.

Ijumaa, 7 Juni
Mungu wangu! Mashine imechora kahawa yangu kama mlima! Mke kanigeuzia skrini, kaniita “Bwana Fundi”. Miaka yote ya ndoa, sijawahi kuitwa hivyo. Akasema kahawa haishiki protini sana, nyingi huzurura tu. Hata iliyoketi, mashine huibandua kwanza ndipo ihesabu. Na mayai husagwa tumboni, hayaendi kuwa viti vya damu.
Kisha akagusa kilima kidogo pembeni. Tumbaku. Jamani! Sigara moja tu, tena ya kuombaomba! Shemeji, mwenye sigara, akaanza kukagua dari.
Mke hakupiga kelele. Alisema hataki kuachwa mjane kwa ajili ya kikombe, akatoka akifuta macho. Nimemfuata nikaapa upya. Akajibu kwamba kiapo changu atakisoma kwenye damu, kila Ijumaa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwaga chupa yote mbele yake. Kanipigapiga begani, kaniita baba watoto. Nusura nilie. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.
Ila nimekaa nikawaza kosa lilikuwa wapi. Nikaruka kitini! Mayai niliyachemsha! Joto huharibu protini, nani asiyejua?
Nimemwagiza shemeji trei nzima. Nitayanywa mabichi.
Na kahawa kidogo, ya majaribio.