Ombi la Kurudishwa Kwenye Barua za Kukataa

Ndugu Mkurugenzi,

Kwanza pole na majukumu, na hongera kwa kiti kipya, ambacho nilikiona kikipandishwa ngazi na watu wanne. Mimi ni yule karani wa chumba cha mwisho, ghorofa ya pili, jirani na stoo ya sponji. Kwa miaka kumi na tisa nimewaandikia barua watu wote walioomba kazi katika kiwanda chetu cha magodoro wakakosa. Wenzangu huniita Mzee Tunasikitika. Sijawahi kulikataa jina hilo, ingawa kukataa ndiyo kazi ninayoiweza.

Mwezi uliopita mlituletea mshauri wa vipaji ili kila mfanyakazi apewe kazi inayoendana na moyo wake. Matokeo yake nimehamishiwa barua za kukubali. Naomba nirudishwe nilikotoka, kwa sababu zifuatazo:

1. Mshauri alinipa karatasi yenye maswali arobaini. Swali la saba liliuliza kama ningekuwa tunda, ningekuwa tunda gani. Nilijibu kwamba nina miaka hamsini na mitatu. Hilo halikumzuia kutangaza mbele ya wenzangu wote, katika chumba cha mikutano, kwamba ndani yangu amefungiwa mtu mchangamfu, na kwamba hakuna binadamu anayeweza kuridhika kwa kuvunja wenzake moyo. Ndugu Mkurugenzi, mimi nimeridhika tangu mwaka wa pili. Huko ndani nimekagua mwenyewe na sikumkuta mtu. Nilikuwa na kazi ninayoiweza na ninayoipenda. Wengi hawapati hata kimojawapo, mimi nilikuwa na vyote viwili, nikaonekana mgonjwa wa kutibiwa.

2. Kuna wanaodhani kukataa ni kazi ya yeyote mwenye kalamu. Barua ya kukataa ina hatua zake. Unamshukuru mtu kwa kuomba. Unamtajia jambo moja zuri uliloliona kwenye maombi yake, na lazima liwepo kweli, hata kama ni mwandiko tu. Hapo ndipo unaposikitika. Mwisho unamtakia mafanikio huko aendako. Binti yangu alipoletewa posa asiyoitaka, ukoo mzima ulinikimbilia mimi niandike jibu. Baba wa kijana alinipigia simu kunishukuru, na akaomba nakala ya pili.

Sasa kazi hiyo kapewa aliyekuwa mtunza stoo, eti karatasi yake imeonyesha kwamba anapenda uwazi. Barua yake ya kwanza niliikuta imesahauliwa kwenye mashine ya kunakili. Ilisema: "Nafasi zimejaa. Usirudi." Hakuweka hata tarehe. Mtu amekaa wiki nzima akichagua maneno ya kuomba kazi, anajibiwa kwa lugha ya kufukuzia kuku.

3. Barua ya kukubali haina msomaji. Aliyekataliwa huisoma barua yake mara tatu akitafuta alipokosea, kisha humpa mkewe naye asome. Aliyekubaliwa huishia kwenye neno "umekubaliwa", akaanza kurukaruka. Aya zangu za chini zinaishia mfuko wa nyuma wa suruali na kufuliwa humo. Mshauri anaiita hii kazi ya furaha. Furaha hiyo ni ya nani, maana mimi sijaletewa.

4. Nasikia nalaumiwa kwamba kati ya watu sita walioajiriwa mwezi huu, watano hawajaripoti kazini. Ni kweli kwamba barua zangu zote sita zilimalizika kwa maneno "tunakutakia mafanikio huko uendako". Huo ni mkono uliozoea, si nia mbaya. Aya ya kwanza ilisema waziwazi kwamba wamekubaliwa. Mtu anayeshindwa kuchagua kati ya aya mbili, tungemwaminije na cherehani ya umeme? Huyo wa sita aliyefika, naambiwa hakufungua bahasha.

5. Napendekeza tangu sasa kila mwombaji akataliwe kwanza, hata yule tunayemhitaji sana, ili apate barua nzuri angalau mara moja maishani. Atakayeomba tena ndiye mwenye wito, na mshauri atakuwa ametupunguzia maswali arobaini. Utaratibu huu uwahusu pia walio kazini tayari, tukianzia idara ya masoko. Hata katika faili lako, Ndugu Mkurugenzi, sijaona barua yoyote ya kukataliwa. Ni upungufu ninaoweza kuurekebisha leo kabla ya chakula cha mchana.

6. Mshauri aachishwe, na barua yake niiandike mimi. Rasimu iko tayari. Jambo moja zuri la kumtajia nimelitafuta siku tatu, nikalipata: viatu vyake havipigi kelele.

Naomba nijibiwe kabla ya Ijumaa. Ikiwa jibu ni la kunikataa, nakusihi asiliandike mtunza stoo.

Nisalimie katibu muhtasi wako, madereva, wakata sponji wa zamu zote mbili, na mama watoto huko nyumbani.

Wako katika kusikitika,

Karani wa Barua za Kukataa
(ingawa mlangoni pangu wamebandika "Karibu")

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, aliingia mama mmoja mshonaji, mmoja wa wale watano. Katika miaka yote kumi na tisa sijawahi kumwona mtu niliyemwandikia. Mkobani alikuwa na barua zangu nne za kukataa, za miaka minne, pamoja na hii ya tano. Alisema huomba kila mwaka kwa sababu hakuna kazi nyingine anayoitaka zaidi ya kushona kingo za magodoro. Alinionyesha pindo la gauni lake alilolishona mwenyewe, nikautafuta mshono nisiuone. Kisha akaniuliza kwa upole ni aya ipi ya kweli, ya kwanza au ya mwisho. Amekaa nyumbani siku kumi na moja akizisoma zote mbili, na kila asubuhi aliamini ile ya mwisho, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Nikamwambia amepata kazi. Hakurukaruka. Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikabaki nimesimama, nikamwambia tena, akaomba nirudie. Ndugu Mkurugenzi, sijawahi kufurahi hivyo katika chumba hiki.

Barua hii imekwisha kuingizwa kwenye daftari la barua zinazotoka na haifutiki, lakini naomba isishughulikiwe. Wamebaki wanne, anwani zao ninazo, naondoka sasa hivi kwenda kuwaambia kwa mdomo. Mshauri asijue.