Maharage ya Dada na Utando wa Seli

Jumatatu, 3 Machi
Dada kapiga simu kutoka nyumbani. Kile kipande walichomkata kwenye uvimbe wa titi kimepimwa. Ni saratani, na seli zake zina protini nyingi kupita kiasi kwenye utando. Ipo sindano ya kuizuia, aende Jumatatu ijayo. Lakini anataka kusikia kwangu kwanza, maana mimi ndiye mtaalamu wa ukoo. Nikamwambia suala hilo tutalijadili kikaoni.

Kikao gani! Mimi ni mfagizi wa maabara ya saratani. Nadeki, namwaga taka, nasugua masinki. Ila mwaka juzi nilivaa koti jeupe lililotundikwa mlangoni, nikapiga picha, nikaituma. Tangu hapo naitwa Daktari. Ningekanushaje? Mama alilia kwa furaha.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: wataalamu wana mkutano. Nitadeki nje ya mlango mpaka nisikie yote.

Nilideki kipande kimoja cha korido mpaka kikang'aa. Mlango mzito! Niliambulia maneno ya hapa na pale. Protini. Utando. Inaisaidia saratani kukua na kuenea. Ndipo akapita Ngazi, yule mfuta madirisha anayejiona bosi kwa sababu anafanya kazi juu. Akaniuliza kwa sauti kama nimekuja kuuposa huo mlango. Hapo hapo akateleza, akaipiga ndoo teke, mlango ukafunguliwa, wataalamu wote wakanikodolea macho. Nikawapigia saluti. Sijui kwa nini.

Hata hivyo siri ninayo. Adui ni protini! Na protini naijua, nilifundishwa kabla sijaacha shule: maharage, mayai, nyama, samaki, maziwa. Nimempigia dada asiguse hata kimoja. Akauliza sasa ale nini. Viazi, nikamwambia, na ajikaze. Shemeji akaichukua simu kunishukuru. Akasema kweli usomi ni mali.

Ijumaa, 7 Machi
Nampigia kila siku, kama daktari wa kweli. Leo sauti yake ndogo. Anasema kutoka kitandani hadi jikoni pamekuwa mbali. Nikamwambia hiyo ni saratani inakata tamaa. Akaguna tu.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa! Dada kaanguka kwenye foleni ya sindano. Kupimwa, damu imepungua, uzito umeshuka. Wamemrudisha nyumbani mpaka apate nguvu. Muuguzi alifoka, akataka kujua ni mwendawazimu gani aliyemkataza chakula. Dada akajibu ni mdogo wake, daktari.

Nilikata simu. Nikakaa juu ya ndoo. Ilikuwa na maji.

Mkuu wa maabara, mama mmoja mpole, akanikuta nimelowa. Nikamwambia jirani wa rafiki yangu ana dada mgonjwa. Akanitazama, akavuta kiti, akasema tuongee basi kuhusu huyo jirani.

Kumbe protini za kwenye utando si za sahani! Seli huziunda yenyewe na kuzipachika kwenye ngozi yake. Nyingine ni kama masikio: hupokea amri ya kukua. Seli ya dada, yaani ya dada wa jirani, ina masikio mengi mno. Mchana kutwa inasikia kua, kua, kua. Sindano inaziba masikio. Nyingine ni kama mikono, seli hushikana nazo zikatulia mahali pamoja. Za saratani huachia mikono, zikaondoka kwenda kuishi mbali. Hapo nilijisikia kusemwa.

Halafu akasema huyo dada wa jirani ale maharage leo hii.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia dada. Nikamwambia kikao kimebadili msimamo, maharage ruksa, mayai ruksa. Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema hebu niache, tangu siku ya ile picha anajua kazi yangu: kwenye kioo nyuma ya koti zinaonekana ndoo na fagio, wazi kabisa. Hajamwambia mtu, kwa ajili ya mama.

Nikamuuliza mbona alinitii. Akasema alikuwa anaogopa. Akasema pia kwamba miaka yote niliyokuwa huku sijawahi kumpigia simu kila siku, akahofia akila tu nitaacha kupiga.

Nililia stoo, kati ya sabuni na matambara. Kisha akaniapisha: nisimkataze wala kumwandikia mtu yeyote kitu chochote tena, nisije nikamaliza ukoo. Nikaapa kwa mkono juu, ingawa kwenye simu haonekani.

Alhamisi, 27 Machi
Dada kachomwa sindano ya kwanza! Kabla ya kwenda alikula mayai, na njiani akala jingine, makusudi, ili anisimulie. Bado nampigia kila siku. Hata Ngazi nilimsalimia vizuri leo. Akauliza kama naumwa.

Jioni kapiga baba mdogo. Goti linamsumbua, na kasikia kwamba mimi ndiye niliyemponya dada. Nilikumbuka kiapo. Nilikikumbuka vizuri sana. Lakini sauti yake ilivyojaa heshima, ananiita Daktari, mtu aliyekuwa ananiita mzembe!

Nikamwambia suala hilo tutalijadili kikaoni. Kesho naomba zamu ya kudeki kule kwa wataalamu wa mifupa. Kwa sasa, kwa tahadhari tu, aache viazi.