Senene wa Bibi Zabibu Waliofia Njiani

Mwaka huo wa tisini na tisa habari ilitufikia kijiweni kwamba Rajnikant, mwenye duka hapo mbele yetu, ameleta mashine inayoitwa ruta, ili watu wa Bukoba wapelekeane barua kwa kompyuta. Anatafuta wa kuiendesha. Buberwa, Profesa wetu, akaiomba kazi hiyo. Alikuwa analea watoto wa marehemu kaka yake, na kwa jinsi tulivyokuwa tumechoka kuzika miaka ile, sote tulitaka aipate.

Rajnikant akamwambia kama kitabu cha mashine alichompa asome kimemwingia, atufundishe sisi wanywa kahawa, naye atatazama akiwa mlangoni.

Profesa akafunga senene kumi na wawili wa kukaanga ndani ya jani la mgomba, akabandika karatasi yenye jina la Bibi Zabibu, mwenye genge ng'ambo ya barabara, na namba kumi na mbili. Akaeleza kwamba kila mmoja wetu ni ruta. Ruta haijui safari nzima, inajua jirani wa kumpa tu. Na kila ruta hupunguza moja kwenye ile namba, mzigo uliopotea usije ukazunguka milele.

Wa kwanza alikuwa Karugendo, tunayemwita Kampala kwa sababu vita vilimfikisha huko. Akafuta kumi na mbili, akaandika kumi na moja. Kisha akafungua jani, akala senene mmoja.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nimeandika kumi na moja. Unataka niandike uongo?"

Akampa Omary muuza kahawa, kwa hoja kwamba Zabibu ni mama mkwe wake, nani aliye karibu zaidi? Jamani, mkwe ni mkwe, hakaribiwi! Tangu aoe, Omary anauza kahawa akiwa ameligeuzia genge lile mgongo. Akala mmoja, akamrudishia Kampala. Kampala akala, akampa Omary. Mimi niliyekaa katikati napitishiwa harufu tu, na niliwachukia wote wawili.

Jani lilipobaki tupu, Rajnikant akavuka barabara. Akasimama mbele ya Profesa.

"Mzigo uko wapi?"

"Umefia njiani, mzee. Huyu anamtegemea yule, na yule anamtegemea huyu."

"Dawa yake?"

"Kumtoa Omary kwenye njia ya kwenda kwa Zabibu."

"Haya, mtoe."

Profesa akageukia ng'ambo, akaita kwa adabu: "Bibi Zabibu, mkweo amekula senene wako."

Zabibu akakaza kanga, akaanza kuja. Omary akaacha birika, vikombe na wateja, akatokomea upande wa Kitendaguro.

Rajnikant akaketi pale pale alipotoka Omary, akajimiminia kahawa.

"Jumatatu uanze kazi," akamwambia Profesa. "Ila jifunze na njia nyingine. Mashine yangu haina mama mkwe."