Vidonge vya Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Leo kliniki. Mizani imesema kilo mia na kumi na nane. Nimemweleza muuguzi kwamba arobaini kati ya hizo ni mifupa. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Babu yangu alipata kumzuia fahali kwa tumbo tu, fahali akaomba radhi. Muuguzi kasema babu hakupimwa mafuta kwenye damu. Hana adabu, ila sindano anaijua.

Jambo lenyewe: kuna utafiti. Wanene tunapewa vidonge wiki sita. Wengine mafuta ya samaki, ati huenda yakausaidia moyo. Wengine mafuta ya kupikia tu, kidonge sura ileile. Nani kapata nini ni siri, iko ndani ya bahasha. Mimi namba kumi na saba. Kumi na nane ni shemeji, kaka wa mke wangu, mnene mwenzangu na dereva mwenzangu. Bosi kashatamka: trela jipya atapewa atakayerudi na damu nzuri, maana hataki moyo wa dereva uzimike mlimani. Miaka ishirini na mbili naendesha pikapu ya wafanyakazi. Trela ni langu!

Jumanne, 4 Machi
Wakati wa chai pale yadini, magari ya bosi yanapolala, shemeji kabeua. Samaki, wazi kabisa! Nami nikajilazimisha kubeua mara tatu. Maharage. Basi nimeelewa. Yeye kapewa samaki, mimi nimepewa kikaango. Mama watoto kanishauri nisubiri, ndiyo kwanza siku ya pili. Hajui sayansi.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kumsalimia mama mkwe. Shemeji anaishi kwake. Nimemkuta kalala, anakoroma kama jenereta. Chupa yake ya vidonge juu ya kabati, yangu mfukoni. Nikavibadilisha: vyake kwangu, vyangu kwake. Vinafanana kama mapacha. Mama mkwe kanikuta mkono ungali kabatini, kauliza natafuta nini, baba. Nikasema chumvi. Kasema chumvi ya nini na sijala bado? Kaniletea samaki wa kukaanga. Anasema mwanawe tangu utotoni akikosa samaki asubuhi chai haishuki. Nimekula wanne. Watamu! Kukataa chakula cha mkwe ni utovu wa adabu.

Alhamisi, 20 Machi
Mambo yananyooka. Sinuki samaki hata kidogo. Mafuta yameingia mwilini mwangu kwa heshima. Anayenuka ni shemeji, tena kuliko zamani, asubuhi mpaka jioni. Mabaki hayo, yanamtoka. Leo abiria wa pikapu wamechoka. Fundi wa matairi kauliza tumempakia mtu au soko zima. Nikasimamisha gari, nikaitisha kura, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Kuanzia leo shemeji atakwenda kazini na kurudi kwa miguu, saa nzima kila safari. Alipoteremka kaniambia kikulacho ki nguoni mwako. Nimecheka mpaka tumbo likapiga honi.

Muuguzi alituonya wote kuhusu vya kukaanga. Hiyo ni kwa wenye vidonge bandia. Mimi nina ulinzi. Viazi sahani mbili, ngozi ya kuku juu yake.

Jumatatu, 14 Aprili
Majibu. Shemeji kapungua kilo sita, mafuta ya damu yameshuka, ngazi za kliniki kazipanda akipiga mluzi. Mimi nimeongeza tatu. Daktari kasema damu yangu ingetosha kukaangia yai, na moyo unahangaika kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Nikadai bahasha ifunguliwe mbele yangu. Ikafunguliwa.

Kumi na saba: samaki. Kumi na nane: mafuta ya kupikia.

Nikakaa. Kiti kikalalamika.

Nifanyeje? Nikisema, mwizi. Nikinyamaza, mjinga. Nimenyamaza. Daktari kaandika muda mrefu, anasema hajapata kuona mwili uliotumia mafuta ya samaki ukaharibika kiasi hiki. Bosi kamkabidhi shemeji funguo siku hiyohiyo.

Jumatano, 16 Aprili
Nimewaeleza watu wa yadini kwamba nimeingia katika vitabu vya udaktari. Babu alimshinda fahali, mimi nimemshinda samaki. Fundi wa matairi kasema samaki naye ataomba radhi. Shemeji kapita na trela letu, kapiga honi. Kwa mkono, si kwa tumbo.

Mchana kliniki wametupa shukrani: chupa moja moja, safari hii samaki watupu, hakuna siri wala bahasha. Muuguzi kanishika mkono, kanisihi niache vya kukaanga, nitembee kama shemeji, moyo hauna spea. Nimemsikia. Si kiziwi.

Lakini tulipokuwa kwenye foleni niliziinua chupa zote mbili, yangu na ya shemeji, dirishani. Vidonge vya shemeji vina manjano iliyokolea kuliko vyangu. Mtu mwenye macho anaona.

Jumapili nitakwenda kumsalimia mama mkwe. Nimemkumbuka sana.